Ulimi Unapopinda Baada ya Taya Kufungwa

Malori yanayokwenda na kutoka mpaka wa Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, hutumia barabara moja na bodaboda, na pikipiki ikigongwa, taya huvunjika kwa urahisi. Utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliona kuwa majeruhi wengi wa uso walitokana na ajali za barabarani. Kutoka Rulenge, upande huo wa mpakani, hadi hospitali hiyo ya rufaa ni safari ndefu, na kurudi huko baada ya kufungwa taya kwa ajili ya sauti iliyokauka si jambo la kuamua haraka.

Anayefungwa taya kwa waya hupitishiwa mrija wa kupumulia puani, si mdomoni, maana daktari lazima aone kama meno yanakutana. Waliostawisha njia hiyo ni Ivan Magill na Stanley Rowbotham, waliowapa usingizi askari wa Uingereza walioharibiwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza. Mgonjwa akizinduka, sauti hukwaruza siku mbili tatu, kisha hurudi. Hilo ni la kawaida.

Lisilo la kawaida ni sauti kubaki ya pumzi tupu, ulimi kupinda upande mmoja, na maji kumpalia mgonjwa. Hali hiyo, adimu sana, inaitwa sindromu ya Tapia. Antonio García Tapia, daktari Mhispania, aliieleza mwaka 1904 baada ya kumwona mcheza fahali aliyechomwa pembe nyuma ya taya. Juu shingoni, neva ya ulimi na ile inayopeleka tawi kwenye nyuzi za sauti hupita zikikaribiana. Kichwa kikilazwa nyuma mno, puto la mrija likijazwa kupita kiasi, au shashi ya kuzuia damu ikishindiliwa kooni, neva zote mbili huweza kuumia.

Ubaya ni kwamba waya huficha dalili. Nani atamwambia mtu mwenye meno yaliyofungwa atoe ulimi? Maneno yakimvurugika, waya ndio hulaumiwa. Kinachobaki ni kumsikiliza akikohoa: kikohozi kisicho na mshindo kinatosha kumpeleka kwa daktari wa koo.

Wengi hupona ndani ya miezi kadhaa kwa mazoezi ya kumeza na kusema. Baadhi hupewa dawa za steroidi. Kasoro iko kwenye chakula: mwenye waya huambiwa anywe vitu vyepesi, navyo ndivyo huteleza upesi kuingia njia ya hewa. Mgonjwa wa Tapia anafaa anywe uji mzito kidogo, kwa mafunda madogo, ameketi wima, uso ameugeuzia upande uliolegea.