Tanga, Mji wa Mkonge na Wayunani

Mtu wa Kirua Vunjo akisikia neno "Wayunani" humkumbuka Mtume Paulo na nyaraka zake kwa Wakorinto, Wafilipi na Wathesalonike. Wachache hufikiri ya kuwa wajukuu wa watu hao walikuja kukaa jirani nasi, wakalima kahawa huku Moshi na mkonge kule Tanga, na wazee wetu wakawaita Wagiriki. Nao ndio wale wale. Basi leo, msomaji, tushuke pamoja mpaka pwani tukatazame.

Zamani safari hii ilikuwa ya gari moshi. Wadachi walianza kutandika reli pale Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi mwaka 1911: miaka 18 kwa njia ya kilometa 350 hivi! Siku hizi abiria hupanda basi. Unateremka mpaka Uchira, unaishika barabara kuu, unapita Same, Mombo na Korogwe, na ukifika Segera unageuka kushoto kwenda Muheza na Tanga. Kuanzia Korogwe fungua macho. Mistari ya mkonge imepangwa kama askari wa gwaride.

Reli za Wadachi ndizo zilizowaleta Wagiriki wengi katika nchi hii. Walikuwa wasimamizi na makandarasi wadogo wadogo, wenye kujua kupasua mawe na kujenga tuta. Wengi hawakuja na mali. Walitoka katika nchi ya mawe mengi na udongo haba, ambako kijana hupanda chombo akatafute riziki ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, Waingereza waliyanyang'anya mashamba ya Wadachi wakayauza, na Wagiriki walikuwa miongoni mwa walionunua. Hivyo msimamizi wa jana akawa bwana shamba.

Mkonge nao ni mgeni. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf, Mdachi, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani, hata mwaka 1964 ikatoa tani 230,000 hivi. (Jina la kitaalamu la mmea huu, Agave, nalo ni la Kiyunani, maana yake ni kitu bora, cha kustahiwa.)

Lakini nani aliukata? Hapo ndipo tusipite upesi. Walikuwa manamba, watu waliojulikana kwa namba kuliko kwa majina yao. Walitoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji, wengine wakiandikishwa kwao kwa mkataba na kusafirishwa mbali na wake na watoto. Kila mmoja alipewa kipande, karatasi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku yako haikuandikwa. Mkataji huondoa mwiba ulio kwenye ncha ya jani, maana unaweza kumtoboa jicho, hufunga majani 30 kuwa fungu moja, kisha hubeba mafungu mpaka relini. Toka hapo huenda korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi. Maji yake huwasha ngozi. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo nne tu za nyuzi. Zilizobaki ni takataka. Mchagga, aliyekuwa na kahawa yake na chama chake cha KNCU tangu 1933, hakulazimika sana kwenda huko. Tulikuwa na bahati, na si vibaya kulisema wazi.

Katika dini Wagiriki ni Waortodosi. Walitengana na Roma mwaka 1054, lakini tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarka Athenagoras waliondoa laana za zamani zilizokuwa kati yao. Mapadre wao huweza kuwa watu wenye ndoa, na Pasaka yao mara nyingi huja baada ya yetu, ingawa mwaka 2025 tulisherehekea siku moja. Jimbo lao la Dar es Salaam, lililoanzishwa 1958, huitwa Irinoupolis, yaani "mji wa amani", ndiyo tafsiri ya "Dar es Salaam" kwa Kiyunani. Nasi tusijione wageni mbele yao: Kyrie eleison tunayoiimba katika Misa ni maneno yao, na hata neno "askofu" asili yake ni kwao.

Mwezi Oktoba 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge, na mwaka 1973 ikafuata kahawa ya walowezi huku Kilimanjaro. Wagiriki wengi wakaondoka. Tena kamba za plastiki zilikwisha kuingia sokoni, bei ikaanguka, na kabla ya mwaka 2000 katani ya nchi nzima ilikuwa haifiki tani 30,000. Korona nyingi zikanyamaza, na magugu yakaota. Mabwana waliweza kupanda meli. Wana wa manamba walibaki kambini, katika nyumba zisizokuwa zao.

Tangu 1999 baadhi ya mashamba hayo yamegawiwa wakulima wadogo wa Korogwe na Muheza, wapande wenyewe na kupeleka majani kiwandani. Kijana wa Kirua ambaye kihamba cha baba kimekatwakatwa mpaka kimebaki migomba michache, akipita huko na ashuke aulizie masharti. Ajue tu kwamba mkonge haukatwi kabla ya miaka mitatu hivi, huendelea kukatwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti mrefu wa maua mara moja tu, ukafa, naye mkulima huanza upya na miche.