Je, Wajua? Dume au Jike, Muulize Jua

Je, wajua kwamba mamba hana kromosomu za jinsia? Yai likitagwa, aliyemo si dume wala jike bado. Mamba wa Mto Nile, huyohuyo wa Rufiji, hufukia mayai mchangani: nyuzi 32 hadi 34 hivi huleta madume, joto likipungua au kuzidi, majike. Yai la juu na la chini katika shimo moja yaweza kutoa dada na kaka.

Je, wajua kwamba habari hii ilianzia Dakar? Mwaka 1966 Madeleine Charnier aliripoti kuwa joto hubadili jinsia ya vijusi vya yule mjusi mwenye kichwa chekundu, anayepiga pushapu ukutani. Aliandika kwa Kifaransa, dunia ikachelewa kusikia.

Kwamba kasa hana majike pande zote mbili kama mamba? Zaidi ya nyuzi 29 hivi, majike. Chini yake, madume. Utafiti wa 2018 kaskazini mwa Great Barrier Reef ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga ni majike. Tuatara wa New Zealand ni kinyume chake: joto humpa madume.

Kwamba huko Tasmania mjusi wa aina moja hufuata sheria mbili? Nyanda za chini, mama akiota jua la kutosha huzaa mabinti wengi, nao wakizaliwa mapema hupata muda wa kukua. Mlimani hali ya hewa ni kigeugeu mno, mwaka wa baridi ungeleta madume watupu. Huko vinasaba vimeshika usukani.

Na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mjusi mwenye ndevu wa Australia ana mpango wa kuku: dume ana kromosomu za jinsia ZZ, jike ZW. Ila mayai yakipita nyuzi 32, baadhi ya ZZ huanguliwa majike, wazima kabisa. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba waliwakuta porini, wakawapandisha kwa madume wa kawaida. Watoto wote wakawa ZZ; W imetoweka, na jinsia yao sasa inaamuliwa na joto peke yake. Mfumo wa kale umebadilika kwa kizazi kimoja! Tena majike hao waliotengenezwa na jua walitaga mayai karibu maradufu ya wenzao wenye W.