Nilitafuta kisawe, nikakutana na deni langu

Wiki jana mteja alinirudishia makala. Mimi huandikia watu wa ng'ambo kazi za mtandaoni, hustle niliyoshika tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Ilikuwa makala ya maneno elfu moja kuhusu vijana na mikopo, na lalamiko lake lilikuwa fupi: nimetumia 'vulnerable' mara kumi na moja. Badilisha, la sivyo hakuna malipo.

Basi nikakaa kitandani na kamusi ya Kiingereza kwa simu, bando likielekea kuisha.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Toa 'vulnerable', weka 'susceptible'. Toa 'dependent', weka 'reliant'. Wapi! Haya maneno hayaachiani viti hivyo. 'Vulnerable' imetoka kwa neno la Kilatini la jeraha, kwa hivyo ni mtu anayeweza kuumizwa hata kama bado hajaguswa. 'Prone' ni aliyeinama mbele, karibu aanguke kifudifudi. 'Dependent' nayo inatoka kwa kuning'inia. Sisi tunasema kutegemea, na nikisikia hilo neno naona mtu ameegemea ukuta, miguu yake ingali chini. Kwa Kiingereza miguu iko hewani. Hiyo tofauti si ndogo kama ndiwe unayening'inia.

Halafu nikafika kwa 'addicted'.

Ukisema mraibu hapa mtaani watu wanafikiria muguka, pombe, kubeti. Kumbe mwanzoni halikuwa neno la ulevi. Kule Roma ya kale, 'addictus' alikuwa mtu aliyeshindwa kulipa deni, hakimu akamkabidhi kwa anayemdai. Sheria zao za Vibao Kumi na Viwili, za karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, zilimpa mdaiwa siku 30 baada ya hukumu. Zikiisha bila malipo wala mdhamini, anaweza kufungwa pingu kwa siku 60. Ndani ya muda huo alitolewa hadharani siku tatu za soko, zikifuatana, na kiasi cha deni lake kikatangazwa kila mtu asikie. Labda ndugu au rafiki angejitokeza amlipie. Asipopatikana mtu, angeweza kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber.

Nilisoma hapo mara mbili. Siku 30!

Mimi pia niliwahi kupewa siku 30. Ilikuwa 2021. Nilikopa elfu tatu kwa apu fulani nilipe stima na chakula, nikakopa kwa nyingine nilipe ile ya kwanza, na kabla sijajua nilikuwa na apu tano na sina hata unga. Siku ya 31 walimpigia mamangu. Mathe anauza mboga sokoni, hajui hata apu ni kitu gani. Kijana mwenye sauti tamu akamsomea deni langu mpaka shilingi ya mwisho, wateja wamesimama hapo wakingoja sukuma. Kisha akampigia fundi wa viatu ambaye namba yake nilikuwa nayo kwa sababu ya soli tu.

Mathe alilipa kwa pesa za kununulia mboga za kesho yake. Hajawahi kuniuliza chochote juu ya siku hiyo. Afadhali angeniuliza.

Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zilikuja: mkopeshaji wa kidijitali lazima awe na leseni, na haruhusiwi kuchokora orodha ya namba zako ili kuwatumia watu jumbe ukichelewa kulipa. Poa sana, ila mimi nilikuwa nimeshatangazwa sokoni.

Nirudi kwa kazi. Mahali patatu niliweka 'at the mercy of', na hiyo 'mercy' nayo, ukiifuata nyuma, ni neno la Kilatini la ujira. Yaani hata huruma ilianza ikiwa na bei. 'Addicted' niliiweka mara moja tu, na aya nzima ya kueleza mambo ya Roma.

Mteja alifuta aya hiyo, akasema haihusiani na mada, akalipa dola 12. Nilimtumia mathe mia nane. Alinipigia kuuliza kama nimekula.