Fedha katika Ligi Kuu Tanzania Bara

Ligi Kuu Tanzania Bara ni ngazi ya juu ya mpira wa miguu Tanzania Bara. Zanzibar ina ligi yake. Ilianza mwaka 1965 na inasimamiwa na Bodi ya Ligi chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Mapato yake hutegemea wadhamini wachache, hivyo mmoja akiondoka klabu ndogo huyumba.

Udhamini na haki za matangazo

Vodacom ilikuwa mdhamini mkuu kwa miaka mingi. Msimu wa 2018/19 ulichezwa bila mdhamini mkuu, ingawa klabu zilikuwa 20 na kila moja ilikuwa na mechi 38. Vodacom ilirudi mwaka 2019, kisha benki ya NBC ikachukua nafasi hiyo mwaka 2021. Tangu msimu wa 2021/22 klabu ni 16, kila moja ikiwa na mechi 30.

Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6.

Tofauti kati ya klabu

Simba na Yanga zina mashabiki nchi nzima na huvutia wadhamini wao wenyewe. Mwaka 2022 Simba iliingia mkataba na M-Bet wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka 5. Mkataba wa NBC wa mwaka 2023 ulikuwa bilioni 32.6 kwa muda huohuo. Hivyo mdhamini mmoja wa klabu moja alikaribia kulipa sawa na mdhamini wa ligi.

Klabu nyingine hubebwa na taasisi au kampuni: Tanzania Prisons na Jeshi la Magereza, KMC na Manispaa ya Kinondoni, Mtibwa Sugar na kiwanda cha sukari.

Kanda ya Ziwa

Stand United ya Shinyanga, iliyoanzia stendi ya mabasi, ilipata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia mwaka 2015. Udhamini huo ulikoma baada ya mgogoro ndani ya klabu, na timu ilishuka daraja mwaka 2019. Geita Gold, timu ya halmashauri, ilishuka mwaka 2024.

Klabu za kanda hii pia hubeba gharama kubwa za safari: timu ya Bukoba ikicheza Ruangwa, mkoani Lindi, huvuka nchi karibu yote, ikilipia usafiri, malazi na chakula cha msafara mzima.