Sare Moja, Mishono Thelathini

Kamati ya harusi ikishatangaza sare kwenye kundi la WhatsApp, manung'uniko huanza dakika hiyohiyo. Tuseme ni kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kila mtu akachukue doti yake Kariakoo. Huyu rangi hiyo haimkubali, yule anaona bei imepaa. Siku ikifika, wanawake thelathini wanaingia ukumbini na kitambaa kilekile, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja kashona solo linalopepea kila akigeuka. Mwenzake kabana kuanzia kifuani hadi magotini, kiasi kwamba ngazi za jukwaa anazipanda kwa dua. Shangazi wa bibi harusi yumo kwenye sketi ndefu na blauzi yenye kola, mshono wake wa miaka yote, na kilemba juu. Hata kwa mgongo tu, anajulikana.

Shangazi huyo ndiye mwenye mtindo. Wengine huenda wamependeza kumshinda, lakini mishono yao imetoka kwenye picha ya juzi ya Instagram, na mwezi ujao picha itakuwa nyingine.

Afrika Mashariki ina bahati ambayo sehemu nyingi za dunia zimeipoteza: fundi cherehani yupo karibu na nyumbani, na mtu wa kawaida anaweza kumlipa. Mteja anafika na picha kwenye simu. Fundi anaitazama picha, anamtazama mteja, ananyamaza kidogo. Aliye mzuri huuliza maswali kabla ya kushika futi kamba: nguo ni ya wapi, utakaa muda mrefu, utapanda bodaboda? Anayerudi kwa fundi yuleyule mara kadhaa hujifunza mwili wake mwenyewe: bega moja liko chini kuliko jingine, kiuno kikipandishwa vidole viwili miguu inaonekana mirefu. Maarifa hayo hayauzwi dukani, na bila hayo mtu hubaki kubahatisha.

Baada ya fundi, shule ya pili ni mitumba. Tanzania ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, baada ya kipindi kirefu cha uhaba wa nguo, marobota yalimiminika, na leo Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Kongowea Mombasa mtu anaweza kuinua shati ambalo mwenziwe hatalipata popote. Wachaguzi wazoefu hawaendi kuzurura. Wana kitu kimoja kichwani, labda shati jeupe la pamba. Hushika kitambaa kabla ya kutazama rangi, huigeuza nguo ndani nje waone mishono na makwapa, kisha huipeleka kwa fundi apunguze mabega. Koti la mwanamume wa Ulaya linageuka kuwa koti la mwanamke wa Buguruni.

Wenye mipaka migumu ndio mara nyingi huvaa kwa ubunifu zaidi. Sapeur, watanashati wa Brazzaville na Kinshasa ambao mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 na kufariki, aliwapa umaarufu, hufuata kanuni ya kutozidisha rangi tatu kwa pamoja. Ndani ya rangi hizo tatu mtu atapima urefu wa soksi hadi kiatu kipate haki yake. Zaire ya Mobutu ilitaka wanaume waache suti wavae abacost, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini". Kuvaa suti ya Paris kukawa namna ya kukaidi. Dar es Salaam nayo ilikuwa na ugomvi wake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Na Mombasa au Unguja, asiyejua huona mabuibui meusi yote ni mamoja. Wenyewe wanatazama darizi ya mkono, uzito wa kitambaa na jinsi mtandio ulivyotupwa begani.

Anayetaka kuanza asianzie sokoni. Afungue kabati, atoe nguo alizozivaa hadi kola ikachanika, azitandike kitandani pamoja. Kitu zinachofanana, kiwe shingo, urefu au rangi, ndicho amekuwa akikichagua bila kujijua.

Harusi ikipita, sare nyingi huishia kukunjwa chini ya kabati, maana hazikushonwa kwa maisha ya Jumatatu. Ile ya shangazi inaonekana wiki inayofuata sokoni, sketi na blauzi vilevile, kilemba kimebadilishwa, kapu la nyanya mkononi.