Rimu Kubwa Hainyanyui Gari

"Fundi, nikitoa rimu za 15 nikafunga za 17, gari litanyanyuka kiasi gani?" Swali hili linanifuata Uyole kule Mbeya, linanifuata Ipogolo kule Iringa, na limeshanichosha. Zamani waliouliza walikuwa wenye gari ndogo za Kijapani. Sasa wanauliza hata waliochukua gari la umeme kwa mkataba, watu wanaolipia kila mwezi chombo ambacho muda ukiisha watamrudishia mwenyewe. Kwao kosa la kubadili rimu ni ghali zaidi, kwa hiyo leo nalijibu swali hili kwa maandishi.

Halinyanyuki. Soma ubavuni mwa tairi lako. Tuseme limeandikwa 185/65R15. 185 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo, ambayo ni milimita 120. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu, ubavu wa juu na ubavu wa chini: gurudumu zima lina kimo cha milimita 621.

Sasa funga rimu ya 17. Tairi litakaloenea mahali palepale bila kukwangua madigadi ni kama 205/45R17. Rimu milimita 432, ubavu 92 juu na 92 chini, jumla 616. Umenunua rimu nne na tairi nne, na gari limeshuka milimita mbili na nusu. Nimewahi kuwapimia watu kwa futi, kabla na baada, mbele ya macho yao, na bado wakasema, "Lakini linaonekana liko juu." Linaonekana hivyo kwa sababu chuma kimeongezeka. Kilichopungua ni mpira, na mpira ndio uliokuwa unakukinga.

Ukiingia shimoni na ubavu wa milimita 120, mpira unabonyea, unameza pigo, unarudi. Ukiingia na ubavu wa 92, rimu inagonga kabla pigo halijaisha. Nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake ubavuni pameota kinundu ukubwa wa yai. Kinundu hakizibwi kama pancha. Tairi hilo limekufa, na asikudanganye mtu kwamba kuna kiraka chake. Vipande vya vumbi vya njia ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, au vya ile ya kupanda Kitulo kutoka Isyonje, havina huruma na ubavu mfupi. Tena gari la umeme, kwa sababu ya betri, huwa zito kuliko la petroli la ukubwa wake, kwa hiyo hugonga kwa nguvu zaidi.

Akishindwa hapo, mtu anageukia upande wa pili: "Basi nibaki na rimu ya 15, niweke tairi nene." 205/70R15 lina kimo cha milimita 668. Hapo kweli gari linapanda, kwa milimita 23, upana wa kidole gumba. Sasa angalia unachokilipia kidole hicho.

Gurudumu ni gia ya mwisho ya gari. Ukiliongeza kimo kwa asilimia 7.5, mota inalazimika kukaza zaidi kuupanda mlima uleule. Ukishuka, breki zilezile zinashika gurudumu refu zaidi, na kwa mkanyago uleule nguvu inayofika kwenye lami inapungua kwa asilimia 7 hivi. Anayeshuka mlima Kitonga nyuma ya lori la shaba hana asilimia 7 ya kuachia. Dashibodi ikisoma 80, wewe uko 86. Ikihesabu kilomita 1,000, umetembea 1,075, na mwenye gari anayelipwa kwa kilomita ana haki ya kukuona mdanganyifu.

Tukirudi kwenye rimu kubwa, chaji nayo inaumia. Tesla Model 3 Long Range ya mwaka 2024 ilipimwa Marekani ikapewa kilomita 549 za chaji moja kwa rimu ya 18, na 491 kwa rimu ya 19. Gari lilelile, betri ileile, inchi moja tu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, tena za milima. Piga hesabu yako.

La kufanya ni hili. Soma mkataba ujue nani analipa tairi likiisha na nani analipa likipasuka. Funga ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kiwanda kikiruhusu saizi mbili, chukua rimu ndogo, na upate idhini ya mwenye gari kwa maandishi. Namba inayofuata ukubwa ni mzigo: 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Usishuke chini ya ile ya kibandiko, na kikidai XL, yaani tairi lililoimarishwa kwa mzigo zaidi, nunua XL. Tarakimu nne za tarehe, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wa miaka kumi uache hapohapo hata kama kashata bado ni nzima. Badilisha tairi mbili za ekseli moja kwa pamoja. Kashata zikibaki milimita 3, usiingie nazo kwenye mvua za Novemba. Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, na ukiteremka Dar pima tena. Jeki iwekwe kwenye alama zake, kamwe si chini ya betri. Na kama kweli unahitaji kimo, hiyo ni kazi ya springi na shokapu, tena kwa ruhusa. Ikiwa njia yako ya kila siku ni mawe, kodi gari lililotoka kiwandani likiwa juu.

Mkataba ukiisha, mwenye gari atachuchumaa kando ya gurudumu asome namba za ubavuni. Zisome wewe kwanza, kabla hujatoa hela.