Nusu ya Mji Iliyotoweka Kichwani

Kuna jaribio moja ambalo tangu nilisome halijaniacha. Mwaka 1978, watafiti Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti wa Milano, Italia, walichapisha habari za wagonjwa wawili walioumia ubongo upande wa kulia. Waliwaomba wajione kwa mawazo wamesimama katika uwanja mkuu wa mji wao, uso ukielekea kanisa kuu, kisha wataje kilichopo. Wakataja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Wakaambiwa: sasa jioneni mko mlangoni mwa kanisa, mnautazama uwanja. Majengo waliyoyaacha muda mfupi uliopita yakatajwa, maana sasa yalikuwa kulia. Yale ya kwanza yakatoweka.

Kumbukumbu, basi, haikufutika. Bisiach alishikilia kwamba kasoro haiko machoni. Hata picha tunayoijenga kichwani ina kushoto na kulia, na ubongo ukiugua, upande mmoja hauchorwi.

Nililihamishia jaribio hilo kwa mawazo mjini Maua, katika eneo la Igembe nchini Kenya. Mwenyeji wa Igembe anaijua barabara ya kutoka Meru, maduka na soko la miraa. Aambiwe aingie mjini kwa mawazo, kisha atoke kwa njia ile ile. Akiwa na kasoro kama ya wale wagonjwa wa Milano, maduka aliyoyakosa akiingia angeyataja akitoka.

Ni sehemu gani ya ubongo inayohusika? Mwaka 2000, mtafiti Gereon Fink na wenzake waliwalaza watu wazima wa afya katika mashine ya MRI, wakawaonyesha mstari wenye alama na kuwauliza: je, alama iko katikati? Picha zilionyesha ubongo ukichangamka hasa nyuma kwa juu, upande wa kulia. Kiharusi kikipiga hapo, mara nyingi kushoto kwa mgonjwa hupotea.

Lakini ile nusu isiyotajwa hukaa wapi? Na kwa nini wagonjwa wengi hawahisi kwamba kuna kitu wamekosa?

Ndugu msomaji, mzee wako akipata nafuu ya kiharusi, kisha akabakiza chakula cha upande wa kushoto wa sahani, akanyoa shavu moja tu, au akajigonga mlangoni kwa bega la kushoto, usimwite mzembe wala mkaidi. Mzungushie sahani, na umweleze daktari ulichokiona. Shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na miraa hulipandisha. Nendeni mkapimwe mapema.